Mvua nyingi, radi chache: majibu kwa wasomaji

Mawingu hutanda baharini siku nzima na mvua inamwagika, lakini radi hazifiki wingi wa za bara. Kwa nini? (Mvuvi, Mkokotoni)

Umeona sawasawa. Huo ndio ukanda mvua: pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda, ikapoa na kuwa mawingu. Ila wingi wa mvua hauzai umeme. Umeme huanzia juu sana, kwenye baridi kali, ambako punje nzito za barafu hugongana na chembe nyepesi. Nyepesi hupeperushwa hadi kileleni mwa wingu zikiwa na chaji chanya. Nzito hubaki katikati na chaji hasi, na umeme unaporuka kati ya chaji hizo mbili ndiyo radi. Punje hizo haziwezi kuning'inia huko bila hewa inayopanda kwa nguvu. Jua la mchana huichemsha nchi kavu upesi. Bahari hupata joto taratibu, hewa yake hupanda kwa unyonge, na maji mengi hudondoka kabla ya kufika kwenye baridi hiyo. Vipimo vya TRMM, satelaiti ya kupima mvua iliyorushwa 1997, vilionyesha radi za nchi kavu ni takriban mara 10 ya zile za baharini.

Huku kwetu radi haziishi. Ni kwa sababu ya milima? (Mwalimu, Bukavu)

Milima pamoja na Ziwa Kivu. Kabare, jirani zenu, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, kwa vipimo vya satelaiti, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Eti meli kubwa huvuta radi? (Mwanafunzi, Mombasa)

Si chuma chake, ni moshi wake, na jambo hili linastahili kujulikana zaidi. Vumbi la moshi huyagawa maji ya wingu kuwa matone madogo mno. Hayadondoki mapema, hupanda hadi kwenye barafu. Utafiti wa 2017 ulikuta radi karibu maradufu juu ya njia za meli mashariki mwa Bahari ya Hindi na Bahari ya China Kusini. Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli, inayochangia vumbi hilo, kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na radi za njia hizo zikapungua kwa karibu nusu. Binadamu tunaugusa hata umeme wa mawinguni!

Basi wingu lisilo na radi ni salama kwa ngalawa? (Mvuvi, Pangani)

Hapana, ndugu yangu. Mvua yake ikishuka husukuma upepo wa ghafla mbele yake, nao hupindua chombo. Ukiona pazia la mvua linakuja, tua tanga mapema.