Ndege na Ichelewe: Kwa Wanaoanza Kazi Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa

Wadogo zangu mnaoanza kazi upande wa ndege, karibuni. Kozi mtapewa, mtihani mtafanya, na wengi wenu mtafaulu. Nimewapokea wageni wengi wa kazi hii, na sijaona shida kubwa darasani. Shida huja wiki kadhaa baadaye, ndege ya Nairobi ikitua kwa kuchelewa, abiria wa kurudi nayo wakiwa wamejaa ukumbini, na kila mtu akitazama saa. Hapo ndipo mtu anayeijua sheria vizuri huiruka.

Kwa hiyo kabla ya yote shikeni hili: hakuna kazi ya uwanjani isiyoweza kusimamishwa. Ukiona jambo haliko sawa, inua mikono uipishanishe juu ya kichwa, simamisha kazi, kisha ueleze. Haijalishi kwamba umeajiriwa juzi na unayemsimamisha ni mzee wa kazi. Ndege na ichelewe.

Ndege ya safari fupi haikai chini muda mrefu. Katika muda huo mizigo inateremshwa, wasafishaji wanaingia, mafuta yanajazwa, chakula kinaletwa, mizigo mingine inapakiwa. Wote hao wanaizunguka ndege moja, kila mmoja na mkubwa wake anayemhimiza. Haraka hiyo haitaondoka, ni sehemu ya kazi. Kinachotakiwa ni kujua mapema ni mambo gani hayaharakishwi kamwe.

La kwanza ni taa nyekundu inayowaka na kuzima, iliyo juu ya mgongo na chini ya tumbo la ndege. Ikiwa inamulika, hesabu kwamba injini zinazunguka, hata kama ndege imekwisha simama na huisikii vizuri kwa sababu umeziba masikio. Husogei. Subiri injini zizimwe, taa izime, kabari ziwekwe kwenye magurudumu, na kiongozi wa kundi atoe ishara. Anayepeleka kabari huwa na utaratibu wake na njia yake ya kuingilia. Wewe si yeye mpaka upangiwe.

Tarehe 31 Desemba 2022, huko Montgomery, Alabama, Marekani, mfanyakazi wa mizigo alivutwa na injini ya ndege aina ya Embraer 175 iliyokuwa tayari imefika mahali pa kuegeshwa. Ripoti ya wachunguzi ilisema kundi lake lilikuwa limekumbushwa mara mbili kabla ya ndege kufika: msiikaribie mpaka injini zizimwe na taa izime. Mtambo mdogo wa umeme wa ndege ulikuwa haufanyi kazi, ndiyo maana injini ziliachwa zikizunguka kwa muda baada ya kusimama. Hebu litazameni tukio hilo kwa makini. Mafunzo yalikuwapo. Onyo lilitolewa siku ileile. Taa ilikuwa inamulika. Ndiyo maana siwaambii mkariri sheria hii. Nataka miguu yenu iizoee, ikatae yenyewe kwenda mbele taa ikiwaka.

Mbele ya injini ya Boeing 737 iliyo katika mwendo wa chini kabisa, eneo la kuvuta mtu ni kama mita 3, nalo hupanuka rubani akiongeza nguvu. Nyuma ya injini, upepo wake wa moto hufika mbali zaidi ya hapo na unaweza kupindua kigari cha mizigo. Kwa zile Dash 8-400 zinazotoka Nairobi, hatari ni rafadha, yaani zile feni kubwa za mbele ya injini. Kila moja ina mapanga 6, na yakizunguka kasi jicho haliyaoni. Usipite kati ya mapanga na ubavu wa ndege hata yakiwa yamesimama. Zoea kuzunguka mbali, ili siku umechoka mwili ufuate njia uliyoizoesha.

La pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu hapa watu wema huwa waoga. Umeendesha mkanda wa kupakia mizigo, breki ikachelewa kidogo, ukaigusa ndege. Umetazama, umeona mkwaruzo tu. Moyo unakwambia nyamaza, kazi ni ngumu kupatikana Mombasa hii, na una watu nyumbani Chaani wanakutegemea.

Sema. Sema palepale, kabla mlango haujafungwa.

Desemba 2005 ndege aina ya MD-83 iliruka kutoka Seattle ikiwa na abiria 140. Ilipofika futi 26,000 hivi, ngozi yake ilitoboka ghafla na hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo. Marubani waliteremka haraka na kurudi salama. Ilibainika kwamba mfanyakazi wa chini alikuwa ameigusa ndege kwa gari la kazi na hakuripoti. Kule juu hewa ya ndani huisukuma ngozi ya ndege kutoka ndani kwenda nje, na palipobonyea pana udhaifu. Ndege mpya zinahitaji uangalifu zaidi. Kwa uzito, karibu nusu ya Boeing 787 ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Hizo zinaweza kupasuka matabaka ya ndani huku nje pakionekana pazima. Kwa hiyo neno "ni mkwaruzo tu" si lako kulisema wala si la msimamizi wako. Ni la fundi mwenye leseni, baada ya kupakagua.

Nanyi wasimamizi mnaosoma haya, nawaomba. Kijana akija kukiri kwamba ameigusa ndege, msimpigie kelele mbele ya wenzake. Taratibu za usalama wa anga duniani, zile za Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinajengwa juu ya watu kuripoti. Anayefanya uzembe wa makusudi ana hukumu yake, lakini aliyekosea akasema ameokoa watu. Mkimfedhehesha leo, wanaomtazama watanyamaza kesho.

Takataka za uwanjani nitazitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Paris, 25 Julai 2000, ukanda wa chuma chepesi wa sentimita 43 hivi ulidondoka kutoka ndege moja ukabaki njiani. Concorde iliyofuata ikaukanyaga, tairi likapasuka, tangi likatoboka, wakafa watu 113. Kwa hiyo skrubu, kamba ya sanduku, kipande cha plastiki: inama uokote, hata kama si kazi yako na hukukiangusha wewe. Hapa kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni kunguru. Hawa kunguru weusi wa shingo ya kijivu, wageni waliozagaa pwani yote, wanafungua mfuko wa viazi karai upesi kuliko mwenyewe. Mabaki ya mahamri ukiyaacha nyuma ya trekta, umewaita. Wakizoea kuja kula karibu na mahali ndege zinapopita, siku moja mmoja ataingia kwenye injini. Kula kantini, na ufunge pipa.

Watakaoendesha magari wana mtihani wao na kibali chao, na kibali hicho hakikufungulii kila mahali. Jueni ramani kabla ya kushika usukani: njia kuu ya kurukia, 03/21, na ile fupi, 15/33. Namba hizo ni mwelekeo wa dira ukiondoa sifuri ya mwisho, yaani 03 ni nyuzi 30 na 21 ni nyuzi 210. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo. Hivyo majira ya kusi na majira ya kaskazi usitarajie zitokee upande uleule uliouzoea, na dereva aliyezoea kutazama upande mmoja yuko hatarini.

Kwenye redio, ukipewa ruhusa na mnara wa kuongozea ndege irudie yote kwa sauti, neno kwa neno. Ukiwa na shaka hata kidogo, simama kabla ya mstari wa kuingilia njia ya kurukia na uulize. Januari 2, 2024, uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliingia kwenye njia ya kurukia wakati ndege ya abiria inatua, zikagongana. Watu 5 kati ya 6 waliokuwa kwenye ile ndogo walikufa. Wote 379 wa ile kubwa walitoka wakiwa hai, kwa sababu wahudumu walikuwa wamefunzwa na abiria waliacha mizigo yao. Marubani wa ile ndogo waliamini wamepewa ruhusa.

Joto nalo msilidharau. Kuanzia Januari hadi Machi zege la uwanja huchoma, na mtu aliyekaukiwa maji hufanya maamuzi mabaya kabla hajahisi kizunguzungu. Kunywa maji kabla ya kiu. Mwezi wa Ramadhani, mliofunga, zungumzeni na msimamizi mapema kuhusu zamu, hasa nyinyi wa kunyanyua mizigo. Kupanga kazi nzito asubuhi na kupokezana inapokaribia magharibi ni jambo linalowezekana, na wenzenu wasiofunga huwa tayari mkiwaomba. Mvua ya masika ikija na radi, kujaza mafuta husimamishwa. Hapo usimhimize mtu wa mafuta.

Pasi yako ya kuingilia uwanjani usimwazime mtu, hata binamu. Mlangoni usimpitishe mwenzako nyuma yako kwa kumwonea haya. Mwambie tu, "Samahani ndugu yangu, gusa yako," naye akiwa na pasi halali hatakasirika. Ikipotea, ripoti saa hiyohiyo.

Na kwenu ambao bado mnatafuta nafasi: kuna watu Changamwe na Magongo wanaouza "kozi ya uwanja" na ahadi ya kazi juu yake. Kabla hujatoa pesa ya mama, uliza kama chuo kimeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kisha nenda uthibitishe kwenye mamlaka yenyewe. Cheti cha chuo hakikupi pasi. Pasi huombwa na mwajiri, na hutolewa baada ya wewe kuchunguzwa, kwa hiyo anayekuuzia kozi na pasi kwa bei moja anakuibia.