Bezi ya zamani, rova mpya: namna ya kuzifanya zisikilizane

Katika upimaji ardhi kwa setilaiti, risiva moja (bezi) hukaa mahali panapojulikana na kutuma masahihisho kwa redio kwa nyingine inayotembea (rova). Ukiwa na risiva moja kongwe inayosoma mifumo ya setilaiti ya GPS na GLONASS pekee, na nyingine mpya inayosoma pia Galileo na BeiDou, ya zamani ikae bezi, mpya iwe rova. Risiva mpya karibu zote huelewa masahihisho ya mitindo ya zamani, ilhali rova kongwe haisomi ujumbe wa MSM, mtindo mpya uliokuja na toleo la 3.2 la RTCM, kiwango cha pamoja cha kuandika masahihisho. Isitoshe, bezi unaichagulia mahali penye anga wazi. Rova ndiyo inayoingia chini ya miembe na kando ya kuta, na huko ndiko uwezo wa kunasa ishara dhaifu unakohitajika. Ila usitegemee Galileo na BeiDou: hesabu hutumia setilaiti zilizonaswa na pande zote mbili. Rova ikionyesha setilaiti 35 zinazoonekana na 13 zinazotumika, hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kwenda saiti, washa bezi nje na utazame tarehe yake. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na risiva ambayo programu yake ya ndani haikusasishwa huweza kurudi nyuma wiki 1024, karibu miaka 20. RTK, yaani upimaji wa papo hapo kwa masahihisho ya redio, inaweza kuendelea bila shida, kwa sababu ujumbe wa 1004 wa RTCM, wenye vipimo vya GPS, hubeba saa ndani ya wiki, si tarehe. Kazi ya statiki, ya kurekodi na kuchakata baadaye, ndiyo inayoumia: mafaili hupata tarehe ya uongo, na programu ya kuchakata haipati obiti za siku hiyo.

Redio ndiyo inayowakwamisha wengi. Mambo matano lazima yafanane pande zote mbili: masafa, upana wa chaneli (12.5 au 25 kHz), protokali (lugha ya redio), kasi ya hewani, na FEC (urekebishaji wa makosa ya redio) kuwashwa au kuzimwa. Usiamini namba ya chaneli. Chaneli ya 3 ya mtengenezaji mmoja si chaneli ya 3 ya mwingine, kwa hiyo linganisha masafa yenyewe kwa MHz, na yawe yale uliyoruhusiwa na TCRA kama uko Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya. Kwa protokali, jaribu Trimtalk 450S, Satel 3AS au Transparent EOT, kutegemea redio zote mbili zinajua ipi. Kasi ya hewani, tuseme 9600, si kasi ya waya kati ya risiva na redio, ambayo huweza kuwa 38400. Wageni huzichanganya kila mara. Na redio ya wati 35 usiiwashe kamwe kabla ya kufunga antena yake. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na kuunguza kikuza ishara.

Mpangilio ukikamilika, soma taa. Taa ya kupokea ya rova isipopepesa kabisa, tatizo liko kwenye yale matano. Ikipepesa kila sekunde lakini rova inasema haina masahihisho, redio ni nzima; kilichokosewa ni mtindo wa ujumbe. Weka RTCM 3 yenye ujumbe wa 1004 (GPS), 1012 (GLONASS) na 1006 (mahali pa bezi). Bezi ikiwa kongwe zaidi, tumia RTCM 2.3 au CMR, mtindo wa Trimble, ukijua kwamba CMR ya asili ilitengenezwa kwa GPS tu.

Rova ikipata masahihisho na kubaki floti (jibu lisilotulia, kabla ya fiksi ya sentimita) muda mrefu, shuku GLONASS. Setilaiti zake hutumia masafa tofauti, na kila mtengenezaji ana ucheleweshaji wake ndani ya risiva. Ujumbe wa 1033 au 1230 huiwezesha rova kurekebisha tofauti hiyo. Bezi nyingi za zamani hazitoi hata mmoja. Zima GLONASS kwenye rova na ujaribu tena. Fiksi ya GPS pekee yenye setilaiti saba ni bora kuliko fiksi ya uongo yenye kumi na tatu.

Urefu wa antena pima wima hadi kitako chake cha kufungia, si mshazari hadi ukingo, kwa sababu kila modeli ina ukingo wake na kontrola (kifaa cha mkononi cha kuendesha rova) ya mtengenezaji mwingine huenda haiujui. Chagua jina sahihi la antena ya bezi ndani ya rova kama halikuletwa na ujumbe wa bezi.

Kisha kagua bikoni mbili (alama za ardhini) zenye viwianishi vinavyojulikana kabla ya kupima chochote. Ukubwa wa kosa hukuonyesha lilikotoka. Kimo kikikosea kwa sentimita zilezile kila mahali huku mlalo ukiwa sawa, rudia urefu wa antena. Vyote vikihama kwa kiasi kimoja, viwianishi vya bezi vimeingizwa vibaya. Na ukiona takriban mita 300 upande wa kaskazini-kusini, umechanganya Arc 1960, datumu (mfumo wa marejeo wa viwianishi) ya ramani za Afrika Mashariki, na WGS84 ya GPS: bezi imepewa viwianishi vya datumu moja na kontrola imewekwa nyingine.

Umbali usizidi kilomita 10, na baada ya jua kuzama punguza hata huo. Karibu na ikweta ionosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji) huchafuka saa hizo, na bezi yenye mifumo miwili tu haina akiba ya setilaiti za kufidia zinazopotea.