Wadogo zangu wa filta, muiteni mtu wa chumba cha pili

Wiki hii nimejaribu filta tano, yale mapambo ya uso ya kamera ya simu, za vijana wanaoanza. Nne zimenivunja moyo kwa kosa lilelile, langu la zamani. Nawapenda, ila hili tulimalize leo.

1. Lens Studio, programu ya kutengenezea filta za Snapchat, inakupa MB 8 kwa filta moja. Punguza ukubwa wa tekscha, yaani picha zinazofunika mapambo, kabla hujakata mapambo yenyewe.

2. Wekeni okluda, umbo la kichwa lisiloonekana linaloficha vilivyo nyuma yake, jamani! Mtu akigeuza shingo, hereni ya upande wa pili isionekane ikipenya kichwani.

3. Msiiamini sura ya mfano iliyomo ndani ya programu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya harusi: wageni wa usiku wa hina wavae maua ya piko usoni. Nilichora asumini siku tisa, kutoka kipajini hadi mashavuni, kila jani na mishipa yake. Leya hiyo ya maua nikaiweka kwenye modi ya kuzidisha (multiply), inayochanganya rangi ya mchoro na rangi ya ngozi. Kwenye sura ya mfano, ya mwanamke mweupe, ilipendeza mno. Dada yangu alikuwa chumba cha pili, sikumwita.

Usiku ule taa zilikuwa hafifu, za manjano. Shangazi wa bi harusi, mweusi tii, akashika simu, akatabasamu, akangoja. Akasogea karibu na taa. Akafuta kioo kwa ncha ya leso yake. "Mwanangu, mbona sioni kitu?"

Modi ya kuzidisha haijui kung'arisha, hutia giza tu, na piko langu lilikuwa jeusi tangu mwanzo. Binti mweupe aliyekaa ubavuni mwake maua yalimkaa vizuri. Shangazi akampisha, akarudi kwenye mkeka. Nilikuwa nimeshona vazi linalowakataa wenye harusi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Niliyatengeneza upya kwa rangi ya liwa, ile njano iliyofifia ya msandali uliosagwa juu ya msio, kwenye modi ya kawaida. Bibi zetu walikuwa wakijipaka liwa usoni zamani. Jibu lilikuwa nyumbani. Safari hii nilianza na dada, kisha jirani mwenye miwani, kisha mama na ushungi wake, jioni, kwa taa ya sebuleni.

4. Rekodini video ya kila filta ikiwa imevaliwa. Meta ilipofunga Spark AR, programu yake ya kutengenezea filta za Instagram, tarehe 14 Januari 2025, filta za wabunifu wa nje ziliondolewa Instagram. Yangu ya liwa ninayo: sekunde kumi na mbili, shangazi yuleyule, anageuza shavu la kushoto, kisha la kulia, halafu anaomba arudie.