Vanila: kinachowaangusha wanaoanza

Vanila ni okidi, na haikubali kulimwa kama mahindi. *Vanilla planifolia* asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hukwea miti huku mizizi yake ikijilisha kwenye majani yaliyooza. Anayeanza huiua kwa vitu viwili: jembe na maji.

Kwanza panda miti ya kuegemea, mathalani mbono kaburi au glirisidia, mita 2 hadi 2.5 kati ya mti na mti, uiache ikue angalau miezi sita. Kivuli kinachotakiwa ni cha nusu, jua lipenye madoadoa. Majani ya vanila yakiwa ya manjano na yamebabuka, jua limezidi. Rando, yaani shina linalotambaa, likirefuka jembamba, la kijani kibichi, lisitoe ua hata moja, punguza matawi ya miti ya kuegemea.

Kipando kiwe rando zima la mita 1 hadi 1.2. La sentimita 30 huota pia, ila utasubiri maua muda mrefu zaidi. Litundike kivulini siku 7 hadi 10, linyauke kidogo na kidonda kikauke. Toa majani ya vifundo vitatu vya chini, laza sehemu hiyo juu ya udongo uliolegezwa, ifunike kwa matandazo mazito, na sehemu ya juu uifunge mtini kwa kamba laini isiyokaza. Ncha iliyokatwa ibaki nje. Wengi huifukia, nayo ndiyo huanza kuoza.

Mizizi hutambaa juujuu, ndani ya matandazo. Kwa hiyo palilia kwa mkono; kila mzizi uliokwaruzwa ni mlango wa kuvu wa Fusarium. Ukiona rando linanyauka na udongo una unyevu, usiongeze maji! Fukua kidogo: mizizi ya kahawia, laini, imekwisha oza. Kata sehemu ya juu ambayo haijaoza, uipande upya mahali pengine.

Rando likifika mita 1.5, lipinde lishuke upande wa pili wa tawi. Likiachwa lipande litafika usipofikia mkono, na maua hutoka zaidi kwenye sehemu inayoning'inia. Maua huamshwa na kiangazi cha miezi miwili hivi, kwa hiyo usimwagilie kwa pupa wakati huo.

Kazi yenyewe ni uchavushaji wa mkono. Ua hufunguka alfajiri na mchana limeshasinyaa, basi pita shambani kila asubuhi, maana kila kikonyo (kijiti kinachobeba shada la maua) hufungua ua moja au mawili tu kwa siku. Njia itumikayo hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mvulana mtumwa wa miaka 12. Shika ua kwa mkono mmoja, pasua petali ya chini iliyojikunja kama bomba kwa kijiti chenye ncha butu. Ndani utaona nguzo fupi: juu ni chavulio lenye chavua ya manjano, chini yake stigma inayonata, yaani sehemu inayopokea chavua, na katikati kiutando kama ulimi kinachozitenganisha. Kiinue kiutando kwa kijiti, bonyeza chavulio kwa kidole gumba ligusane na stigma, chomoa kijiti polepole. Ua lililoshika hubaki kikonyoni siku zinazofuata. Lisiloshika hudondoka kesho yake au keshokutwa.

Hapa tamaa huponza. Kikonyo kina maua 15 hadi 20, lakini chavusha 8 hadi 10 tu, ya upande wa chini ili maganda, yaani matunda ya vanila, yaning'inie yamenyooka. Ukichavusha yote utapata maganda mafupi, na rando lililochoka huugua haraka.

Ganda hufikia urefu wake ndani ya wiki 6 hadi 8, ila hukomaa baada ya miezi 8 au 9. Usihesabu urefu. Subiri ncha ya chini igeuke manjano, uchume ganda moja moja. Likivunwa bichi halitoi harufu ya maana hata likaushwe vipi, na likipitiliza hupasuka likiwa bado mtini.