Hesabu ya GPA, daftari la fildi na miezi ya kwanza kazini

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa "someni kwa bidii", lakini ni nadra kuambiwa bidii hiyo ni saa ngapi. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120 kwa semista. Kama ina vipindi vya saa 3 kwa wiki, baada ya wiki 15 umekaa darasani saa 45 tu. Saa 75 zilizobaki ni zako mwenyewe, saa 5 kila wiki kwa kozi hiyo moja. Krediti 60 za semista nzima zinafika saa 40 kwa wiki, sawa na mtu anayekwenda ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Anayeishi kwa ratiba ya vipindi peke yake anafanya chini ya nusu ya kazi, halafu anashangaa UE, mtihani wa mwisho wa semista, inapomkuta.

Alama za semista, yaani za majaribio na kazi za kozi kabla ya UE, ndizo zinazopuuzwa kuliko zote. Vyuo vingi huzipa 40 na UE 60. Chukua chuo ambacho A inaanzia 70. Ukiingia kwenye UE na 32 mkononi, unahitaji 38 kati ya 60, jambo linalowezekana hata siku ambayo swali moja limekugomea. Ukiingia na 20, unahitaji 50 kati ya 60, na hapo hakuna nafasi ya kukosea. Kwa hiyo jaribio la wiki ya sita lisomee kama mtihani wa mwisho, na kazi ya kikundi usimwachie mwenzako mmoja aichape usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Desa (makaratasi yanayozunguka kwa wanafunzi) la maswali ya miaka iliyopita lina faida, ila lianze mapema. Funga daftari, weka saa, jibu swali zima kwa mkono, kisha usahihishe. Kusoma majibu ya wenzako siku mbili kabla ya mtihani kunakupa hisia ya kujua bila uwezo wa kuandika. Na usijifariji kwamba sapu, yaani mtihani wa marudio, ipo: vyuo vingi hukupa C tu ukiifaulu, hata ukipata 80.

GPA, yaani wastani wa pointi zako zote, nayo haisubiri mwaka wa tatu. Kwenye mizani ya 5, daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Tuseme krediti za kila mwaka ni sawa na mwaka wa kwanza umemaliza na 3.0. Ili ufike 3.5 unahitaji wastani wa 3.75 kwa miaka miwili inayofuata, na hilo linabebeka. Ukirudia 3.0 mwaka wa pili, wa tatu unakudai 4.5, wakati huohuo unaandika utafiti na kutafuta kazi. Piga hesabu hii mwenyewe kila matokeo yanapotoka: zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, jumlisha, gawanya kwa krediti zote. Utaona kwamba B badala ya A kwenye kozi ya krediti 12 inauma mara mbili ya ile ya krediti 6.

Sasa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Hapa ndipo wengi wanapoteza wiki nane nzima. Barua ya utambulisho ya chuo iombe mapema na uipeleke ofisi tatu au nne, maana ofisi nzuri hujaa haraka. Ukishapokelewa, daftari la fildi ndilo litakalosema ulifanya nini. Mwanafunzi wa uhasibu anaandika: "Leo nilisaidia kusuluhisha hesabu za benki." Sentensi hiyo haina kitu. Linganisha na hii: "Nimelinganisha hati 46 za malipo na taarifa ya benki ya mwezi Mei. Tofauti tatu: hundi mbili hazijawasilishwa benki, na malipo ya 45,000 yameingizwa 54,000. Tofauti ya 9,000 inagawanyika kwa 9, ndiyo maana nikatafuta tarakimu zilizogeuzwa." Dakika kumi kila jioni, kabla hujaondoka ofisini. Wanaojaza daftari zima siku ya mwisho hujulikana kwa wino mmoja na maneno yanayojirudia, na msimamizi anayesaini analiona hilo.

Maandishi hayohayo ndiyo wasifu wako baadaye. Kwenye usaili ukiulizwa umewahi kufanya nini, una idadi, tatizo na ulivyolitatua.

Kwa wanaolenga serikalini, maombi hupitia Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na watu huenguliwa kwa makosa madogo yanayosikitisha. Barua lazima iwe na saini. Vyeti vithibitishwe na wakili. Matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na sita havikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Kama majina yako hayafanani kwenye vyeti, shughulikia hati ya kiapo sasa, maana tangazo mara nyingi hudumu siku 14.

Ukishaajiriwa, endeleza daftari. Kila Ijumaa andika mistari mitano: nimekamilisha nini, kiasi gani, nini kimekwama na kwa nini. Wakati wa kujaza utendaji kazi kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), au kipindi cha majaribio kinapoisha kwenye kampuni binafsi, mwenzako atakuwa anakumbukakumbuka wakati wewe unanakili. Kazi ikikwama, mwambie mkuu wako kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa na pendekezo mkononi. Kimya ndicho kinachovunja imani kuliko kosa lenyewe. Anza mapema pia safari ya bodi inayosajili watu wa taaluma yako: mhasibu NBAA, mhandisi ERB, mtu wa ugavi PSPTB. Kusomea mitihani jioni baada ya kazi ni kugumu zaidi ukiwa na watoto na cheo.

Msimamizi wako wa fildi ana nafasi nzuri ya kuwa mmoja wa wadhamini watatu unaoombwa kuwaandika kwenye maombi ya kazi. Mpigie kabla hujaweka jina lake, mkumbushe mwaka na kitengo ulichokaa, na hakikisha namba yake bado inapatikana.