Maswali na Majibu: Benchi la meli, godoro la sufi na dumu la lita 20

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba katika meli nyingi za abiria za zamani benchi la sitahani lilikuwa na kazi mbili: siku za kawaida la kukalia, siku ya ajali boya la kushikilia. Sikutegemea watu wa Moshi na Arusha, ambao maji yetu mengi ni ya mfereji, wangelivalia njuga jambo hili. Simu imejaa maswali. Kwa wasionijua, mimi ni wa Kibosho, nimefanya kazi ya sitaha melini miaka 19, sasa nafuga kuku na kujibu maswali.

Shikamoo. Ni kweli kiti cha meli kinaweza kuokoa mtu, au ni porojo za mabaharia? (Mwanafunzi, Sakina, Arusha)

Marahaba. Porojo tunazo, ila hii si mojawapo. Meli ya Titanic ilipokuwa inazama Aprili 1912, mkuu wa waoka mikate wake, Charles Joughin, alisimama akarusha viti vya sitahani baharini. Mwenyewe aliiambia tume ya uchunguzi ya Uingereza kwamba alirusha kama 50 hivi, na kwamba alikuwa anajitafutia mwenyewe cha kushika. Mashua za kuokolea zilikuwa 20 tu, nafasi zake watu 1,178, na melini mlikuwa na zaidi ya 2,200. Ukiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini mwoka mikate aligeukia viti.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Titanic. Katika karne ya 19 wabunifu wa Uingereza na Marekani walisajili viti, makochi na magodoro ya kila namna ya kuelea, mengine yakiwa yamejazwa yale magome ya kutengenezea vizibo vya chupa. Mabaharia wa manowari nao walijua kuwa kitanda chao cha turubai, kikikunjwa na kukazwa vizuri kwa kamba, humbeba mtu kwa muda.

Ila viti vya Joughin havikuwaokoa wengi. Maji yale yalikuwa ya baridi ya kugandisha, na baridi ndiyo iliyoua hata waliokuwa wameelea. Hapo sisi tuna bahati yetu. Maji ya Zanzibar ni ya vuguvugu, na mtu aliyepata cha kushika anaweza kusubiri saa nyingi. MV Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, waliokolewa watu zaidi ya 600, na miongoni mwao walikuwapo waliokutwa wameng'ang'ania magodoro na majokofu. Hakuna aliyeyapakia yale kwa ajili ya uokoaji, yalikuwa mizigo ya watu.

Mzee, mimi ni fundi seremala. Jamaa wa bwawa la Nyumba ya Mungu anataka nimtengenezee mabenchi ya boti yake ya kuvusha watu. Nikitumia mbao nzuri si yataelea yenyewe? (Fundi, Pasua, Moshi)

Fundi, umeuliza swali la maana kuliko yote, kwa hiyo vuta kigoda.

Mbao kuelea na mbao kubeba mtu ni mambo mawili. Mpingo hauelei kabisa, ni mzito kuliko maji. Mninga unaelea, lakini benchi la mninga la kilo 20 likizamishwa lote litakusukumia juu kwa nguvu ya kama kilo 10 tu. Paina itakupa zaidi kwa sababu ni nyepesi, mpaka itakapokunywa maji.

Sasa linganisha na kipimo cha wenye kazi yao. Lile boya la duara unaloliona limetundikwa melini hupimwa kwa kuning'iniziwa chuma cha kilo 14.5 kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa saa 24, na lisizame. Vyombo vya kushikilia majini, yakiwemo mabenchi ya namna hiyo, vilihesabiwa kwa chuma hichohicho: kila kilo 14.5 ni mtu mmoja. Kisha unapima mzunguko wa ukingo wake, kila sentimita 30 na nusu mtu mmoja. Kati ya hesabu hizo mbili unafuata ile ndogo. Kwa kipimo hicho benchi lako la mninga halimtoshi hata mtu mmoja.

Kinachobeba watu ni hewa iliyofungiwa. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa barabara linasukuma juu kwa kama kilo 19. Weka manne ndani ya benchi na unakaribia kilo 76, yaani watu watano, hata kama ukingo wa mita 5 ungekuambia 16. Weka madumu tofauti tofauti, usifanye tangi moja kubwa, maana tangi likitoboka limekwisha, bali dumu moja likitoboka matatu yamebaki. Na usipige msumari kuelekea ndani. Nimeshaona kazi ya fundi mmoja (si wa Pasua, tulia) aliyejenga sanduku zuri la hewa, kisha akalipigilia mto wa kukalia kwa misumari ya inchi tatu.

Zungusha kamba pembeni, iliyolegea kama mapindo ya pazia, ili mkono ulioloa upate pa kuingia. Watu hawapandi juu ya benchi. Wanabaki majini wameshika kamba, wamelizunguka. Wakianza kulipanda litapinduka, kwani mfa maji haachi kutapatapa.

Halafu linakuja fumbo ambalo limewashinda wengi. Kiti cha chombo cha majini kinatakiwa kifungwe sakafuni, kwa sababu boti ikilala ubavu viti vilivyo huru huporomoka upande mmoja, vinavunja watu miguu na kuziba njia. Lakini benchi la kuokoa, likifungwa kwa bolti, litazama na boti huku madumu yako yote ni mazima. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni hilo la pili, kwa sababu la kwanza linaonekana kila siku na la pili linasubiri ajali. Meli kubwa hutumia kifaa kidogo kinachohisi mgandamizo wa maji na kuachia kamba chenyewe kabla ya kina cha mita 4. Wewe likalishe kwenye vizuizi vya mbao visivyoliruhusu kwenda mbele, nyuma wala kando, lakini juu linaruhusiwa. Lishike kwa mkanda mmoja ambao mtu aliyeshikwa na woga anaweza kuufungua kwa mkono mmoja. Usiliweke chini ya paa wala turubai, maana likielea litaishia darini.

Mwambie pia jamaa yako kwamba benchi haliondoi jaketi okozi hata moja. Ni la nyongeza. Na kabla hajapakia abiria awaite wakaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), wao ndio wenye mamlaka juu ya vyombo hivi.

Bibi yangu ana godoro la sufi la miaka mingi. Ameniambia zamani sufi ilitumika kwenye meli. Anatania? (Kijana, Himo)

Mpe bibi shikamoo yangu, hatanii hata kidogo. Sufi, ile pamba nyepesi ya msufi tunayoijua kutoka Tanga na Muheza, ilikuwa mali kweli kwenye jaketi okozi za nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kila uzi wake una uwazi ndani kama mrija, na nje una nta, kwa hiyo maji yanateleza na hewa inabaki. Jaketi ya sufi ilisifiwa kuwa inabeba hadi mara 30 ya uzito wake.

Ilikuwa na maradhi mawili. Ikikaliwa sana inashonana na hewa inatoka, na ikiguswa na mafuta ya injini nta inaharibika na maji yanaingia. Baharia aliyefanya jaketi yake mto wa kulalia alikuwa anajichimbia kaburi polepole. Ndiyo maana baadaye sufi ilifungiwa kwenye mifuko ya plastiki, na mwishowe ikaachiwa nafasi povu la kisasa.

Godoro la bibi, lililolaliwa miaka yote hiyo, lisipelekwe popote penye maji. Vitu hivi vinazeeka. Juni 15, 1904, meli ya matembezi General Slocum iliungua New York, watu zaidi ya 1,000 wakafa, wengi wanawake na watoto waliokuwa wanakwenda pikiniki. Jaketi zilikuwapo. Magome yaliyojazwa ndani yalikuwa yameoza kwa miaka yakawa vumbi, na akina mama waliwavalisha watoto wao vumbi lile wakawatupa mtoni.

Umenikumbusha na sponji. Godoro la sponji lina matundu yaliyo wazi, litaelea kwa muda huku linakunywa maji. Kandambili zako zina vitundu vilivyofungwa, kwa hiyo hata ukizikata vipande hazizami. Kwa benchi la boti tunataka povu la ukoo wa kandambili.

Kwa nini wasijaze tu maboya na mashua juu ya meli, yawe mengi mpaka yabaki? (Msomaji, Usa River)

Kwa sababu uzito wa juu unapindua. Baada ya Titanic meli ziliongezewa mashua na maboya, na Eastland ya Chicago, iliyokuwa na tabia ya kuyumba tangu zamani, ikaongezewa pia. Julai 24, 1915 ikalala ubavu ikiwa bado imefungwa gatini. Walikufa watu 844, hatua chache kutoka nchi kavu.

Tunasafiri na watoto kwenda Zanzibar, tunaruka kutoka KIA, tunarudi kwa boti mpaka Dar. Niangalie nini? (Mama wa wawili, Njiro)

Mama, kwenye ndege sikiliza kama jaketi iko chini ya kiti au kama mto wa kiti ndio wa kushikilia, kwani ziko ndege zilizotengenezwa hivyo. Mto huo haufungwi mgongoni, utakupindua kifudifudi. Unaukumbatia kifuani.

Jaketi ya kujaza upepo usiijaze ukiwa ndani. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini Komoro. Walikufa watu 125, na wamo walionusurika kishindo lakini walikuwa wameshajaza jaketi zao. Maji yalipoingia yakawabana darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Ni lile lile nililomwambia fundi kuhusu turubai.

Kwenye boti, kabla hujafungua chapati, tafuta jaketi ziliko: chini ya kiti, kabatini, au ndani ya benchi lenye mfuniko. Ukiona mtu ameweka magunia juu ya mfuniko, mwite mhudumu aondoe, hata ukiitwa mkorofi. Omba jaketi za watoto uzione kwa macho. Ya mtu mzima mtoto anachomoka kwa chini, labda iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Mzee, viti vya plastiki vya sherehe vinaelea? Tunataka kwenda navyo Ziwa Duluti. (Vijana watatu, Tengeru)

Nimewafanyia jaribio kwenye pipa langu la maji ya kuku. Kiti cha kwanza kilielea hivyo hivyo, kimezama chote imebaki ncha ya mgongo. Nilipokiwekea tofali moja hakikujadiliana. Cha pili, kile kizito cha bei rahisi, kilikwenda chini peke yake, na mpaka naandika haya kiko huko kwa sababu mkono wangu haufiki.