Vanishi Inayogumishwa kwa Elektroni: Je, Boksi la Chakula Linabaki Salama?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia mtambo wa kuchapa vifungashio vya vyakula. Vanishi zetu tunazikausha kwa taa za urujuanimno. Sasa mteja wetu mmoja anataka tuhamie kwenye mtambo unaogumisha vanishi kwa elektroni, na vijana wangu wameingiwa na hofu kwamba boksi zitabaki na mnunurisho. Naomba mnieleze kazi hiyo hufanyikaje, na kama kuna sababu ya kuingia gharama hiyo. — Mpiga chapa, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mpiga chapa, naanza na hofu ya vijana wako, kwa kuwa ni hofu ya haki na inastahili jibu la wazi. Boksi halibaki na mnunurisho. Elektroni za kazi hii husukumwa kwa kilovolti 80 hadi 300 hivi, na nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kubadili kiini cha atomi, ambako ndiko mnunurisho wa kudumu hutoka. Umeme ukizimwa, elektroni nazo zimekwisha.

Ndani ya mtambo mna chemba iliyonyonywa hewa, na humo waya wa tangsteni, kama ule wa balbu za zamani, hupashwa moto mpaka utoe elektroni. Volti hizo huzisukuma zipenye utando wa titani wenye unene wa takribani mikromita 10, mwembamba kuliko unywele, kisha huiangukia vanishi inayopita chini yake. Vanishi hiyo ni ya akrilati, yaani molekuli fupi zenye viungo pacha vya kaboni; elektroni zikizigonga, viungo hivyo hufunguka na kila molekuli hushikana na jirani zake, mpaka kilichokuwa majimaji kinageuka wavu mmoja mgumu. Kwa hiyo neno "kukausha" tunalitumia kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuna kiyeyushi kinachopaa hewani. Joto nalo ni dogo: dozi, yaani nishati ambayo vanishi inapokea, ya kilogrei 30, ambayo ni ya kawaida hapa, ni jouli 30 kwa kila gramu, kiasi cha kupandisha joto la maji kwa nyuzi 7 hivi.

Sababu ya kuingia gharama iko kwenye kile kisichokuwemo ndani ya vanishi. Mwanga wa taa zako hauna nguvu ya kuanzisha muungano huo peke yake, ndiyo maana vanishi unayonunua imetiwa kemikali ya kuuanzisha, na sehemu ya kemikali hiyo hubaki bila kutumika. Mwaka 2005 nchini Italia, kemikali ya aina hiyo iitwayo ITX ilikutwa ndani ya maziwa ya watoto wachanga. Haikupenya ukuta wa boksi: roli la karatasi ya boksi lilipoviringishwa, upande uliochapwa uliulalia upande utakaogusa maziwa, ikahamia hapo. Vanishi ya elektroni haihitaji kianzishi hicho kabisa, na kwangu mimi, kwa anayefungasha chakula cha mtoto, hoja hiyo inatosha.

Lakini oksijeni ni adui wa kazi hii. Huwahi kuzidaka ncha za molekuli kabla hazijashikana, na vanishi hugumu chini huku juu ikinata. Kwa hiyo eneo la kugumishia hujazwa nitrojeni muda wote, na bili ya gesi hiyo uihesabu mapema. Bonyeza dole gumba juu ya vanishi iliyotoka mtamboni, ulizungushe: likiacha alama au kuteleza kwa mafuta, tazama kwanza nitrojeni kabla ya kuongeza dozi.

Nasisitiza hilo la dozi kwa kuwa elektroni hazichagui. Zikivuka vanishi huingia kwenye kilicho chini yake: karatasi hupungua nguvu, plastiki ya polipropilini huwa rahisi kukatika, na ya polithini inaweza kutoa harufu itakayoingia kwenye chakula, ilhali ya poliesta huvumilia vizuri. Dawa yake ni kushusha volti, ili nishati iishie karibu na uso. Unene wa vanishi yako ni mikromita chache tu. Huhitaji kilovolti 300.

Kuhusu vijana wako, hatari zilizopo ni mbili, na zote hukaa kiwandani. Elektroni zikigonga chuma huzaa eksirei, ndiyo sababu mtambo hufunikwa kwa madini ya risasi au chuma kinene, na swichi za milango hukata umeme kifuniko kikifunguliwa. Asiruhusiwe fundi yeyote kuzipita swichi hizo kwa waya. Ya pili ni nitrojeni yenyewe: ikivuja kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha, mtu huanguka bila kusikia harufu wala kukohoa. Kipima oksijeni kifungwe ukutani kabla mtambo haujawashwa kwa mara ya kwanza.

Kwa mtambo mwembamba wa kazi ndogo ndogo, ningebaki na taa na kununua vanishi yenye vianzishi visivyohama kirahisi. Kama roli zako ni pana na zinakimbia mchana na usiku, mwombe muuzaji agumishe roli moja la karatasi yako halisi, kisha funga vipande vyake ndani ya chupa ya kioo kwa siku moja, ufungue na kunusa.